MOTOKAA NZURI NI IPI?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoleta maneno mengi shuleni muhula huu. Si siasa, wala si chakula cha bwenini, ingawa chakula nacho kina maneno yake. Ni sura ya motokaa.

Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka huu wakubwa zetu wawili waliokwisha ondoka shuleni walijibizana katika gazeti hili juu ya Land Rover ya shule. Mmoja alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa kuwa shule imekwisha pata basi dogo. Wa pili alimjibu kwa uchungu mwingi. Alisema kwamba motokaa za siku hizi hazina sura, zote zafanana kama mayai, na kwamba Land Rover yetu ipakwe rangi upya, isimamishwe juu ya nguzo za saruji karibu na lango, ili watoto wajue motokaa halisi ilikuwaje.

Tangu siku hiyo bweni letu limegawanyika. Wako wanaojiita Wakale, na wako Wasasa. Wakale wamebandika ndani ya vifuniko vya masanduku yao picha za Peugeot 404, na Volkswagen ya mgongo wa kobe, na Mercedes zenye taa za duara. Wasasa wana picha za BMW zenye midomo mikubwa, na za motokaa za umeme zisizo na wavu wowote mbele. Taa zikizimwa usiku ndipo baraza huanza, mpaka kiranja agonge mlango. Mimi nilikuwa Mkale wa kwanza kabisa. Sasa sijui niitwe nani, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Tuanze na Land Rover yenyewe, maana twaiona kila siku chini ya mwembe, na kuku wa jikoni hutagia ndani yake. Wakale husifu umbo lake: mabati bapa, pembe zilizonyoka, bawaba zilizo nje ya mlango, madigadi ambayo mtu aweza kukalia akila muwa. Husema, "Watu wa kale walijua uzuri." Nami nilisema hivyo miaka miwili nzima. Halafu mwalimu wetu wa fizikia akaniuliza swali moja tu: "Ni nani aliyekuambia kwamba walitafuta uzuri?"

Nikaenda kusoma. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani karibuni. Chuma kilikuwa adimu, kikigawiwa kwa vibali, na serikali ilipenda zaidi viwanda vilivyouza bidhaa zao nchi za nje. Bwana Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba huko Anglesey, na shambani alitumia jipu la Kiamerika lililobaki baada ya vita. Akaona yafaa kampuni yake iunde gari la namna hiyo, liweze kuvuta, kubeba na kupita matopeni. Chuma kilikosekana, basi bodi ikafanywa kwa alumini. Hapakuwa na fedha wala nafasi ya kununua mashine kubwa za kukandamiza bati, basi mabati yakaachwa bapa, yakakunjwa kwa vifaa vyepesi. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa rangi ya jeshi iliyobaki. Gari lilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na wenyewe walidhani litakuwa biashara ya miaka michache tu, ya kuwavusha kipindi kigumu, kisha warudie motokaa zao za starehe.

Kumbe! Kipindi kigumu kilidumu miaka 68. Land Rover ya mwisho ya ukoo ule, ambao tangu mwaka 1990 uliitwa Defender, ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 2. Sura tunayoisifu ilizaliwa na ukosefu wa chuma na ukosefu wa fedha. Ni kama bibi yako aliyepika mboga bila nyama kwa sababu hana nyama, na wajukuu wakakua wakisema hakuna mboga tamu kama hiyo.

Sisemi kwamba si nzuri. Nasema kwamba uzuri wake ulikuja wenyewe, bila kualikwa.

Mwaka 2019 kampuni ilionyesha Defender mpya huko Frankfurt. Wapenzi wa ile ya kale walilia kana kwamba wamefiwa. Walisema ni laini mno, ni ya mjini, pembe zake zimeviringwa, na mbaya kuliko yote, bodi na chesi ni kitu kimoja, badala ya bodi kufungwa juu ya chesi kwa bolti. Mambo hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba gari hilo jipya limepimwa kupita katika maji yenye kina cha sentimita 90, na lile la kale lilipimwa sentimita 50. Mvua ya Aprili inapojaza kivuko chetu hapo bondeni, maji hayaulizi nani ana pembe zilizonyoka.

Jambo lililonichekesha ni kesi. Tajiri mmoja Mwingereza, Jim Ratcliffe, mwenye kampuni ya Ineos, alisikitika sana Defender ya kale ilipokoma, hata akaamua kuunda gari lake mwenyewe la namna ile ile ya zamani. Akaliita Grenadier, kwa jina la kilabu cha pombe cha London alichokuwa akipenda kwenda, na tangu mwaka 2022 linaundwa Hambach, Ufaransa. Nayo kampuni ya Jaguar Land Rover ilitaka sura ya Defender ya kale iandikishwe kuwa alama yake ya biashara, asiiguse mwingine. Ofisi ya Uingereza ikakataa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaunga mkono ofisi. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba tofauti zinazoonekana kubwa machoni pa wajuzi huenda mtu wa kawaida anayenunua gari asizione hata kidogo.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani, nikatolewa nje. Maana ndivyo tulivyo sisi wapenzi wa motokaa! Tutakesha tukibishana juu ya taa iliyosogezwa sentimita mbili, na mama zetu wakitazama picha hizo hizo wataona jambo moja tu: hii ni ya bluu na ile ni ya kijani.

Sasa nije kwenye lile shitaka la mkubwa wetu, kwamba motokaa za siku hizi zote zafanana. Naomba asinikasirikie. Mwaka 1959 nyumba ya wachoraji ya Pinin Farina ya Torino iliwachorea Waingereza Austin Cambridge mpya. Mwaka 1960 nyumba hiyo hiyo ikawachorea Wafaransa Peugeot 404. Ziwekeni picha zake mbili upande kwa upande, mfunike majina. Ni ndugu wa tumbo moja. Tena bodi ile ya Austin iliuzwa pia kwa jina la Morris, na la MG, na la Wolseley, na la Riley, ikibadilishwa wavu wa mbele na mapambo machache. Majina matano, bodi moja! Wazee wetu walinunua, wala hawakusema kwamba dunia imekwisha.

Na 404 hiyo ndiyo mungu wa Wakale bwenini kwetu. Nao wana haki ya kuipenda. Katika mashindano ya Safari, yaliyokuwa wakati ule yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, 404 ilishinda mwaka 1963, na 1966, na 1967, na 1968. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikarudi 7 tu. Lakini hebu tutazame mkia wake. Ina mapezi mawili nyuma, kama samaki. Mapezi hayo yalisaidia nini katika matope ya Uganda? Hayakusaidia neno. Yalikuwa mtindo tu. Wamarekani ndio waliouanza katika Cadillac ya mwaka 1948, wakiiga mkia wa ndege ya vita, wakazidi kuyarefusha mpaka mwaka 1959 yakafika juu kuliko akili. Basi mtu asiniambie kwamba watu wa kale walikuwa hawaongezi mapambo ya bure.

Tena malalamiko haya ni ya zamani kama motokaa zenyewe. Land Rover ilipobadilishiwa wavu wa mbele mwaka 1971, ukawekwa wa plastiki badala ya waya wa chuma, wako walionung'unika kwamba ule wa zamani ungeweza hata kuchomea nyama. Land Rover ya shule yetu ni ya aina hiyo yenye plastiki. Yaani gari ambalo mkubwa wetu anataka liwekwe langoni kuwa mfano wa ukale, lenyewe lilipozaliwa liliambiwa limeharibu ukale! Mwaka 1955 Citroën walionyesha DS mjini Paris, yenye pua kama ya papa na magurudumu ya nyuma yaliyofichwa nusu. Hakuna motokaa iliyokuwa ya ajabu kuliko hiyo, na siku ile ya kwanza peke yake watu wapatao 12,000 waliagiza zao. Leo Wakale huitaja DS kama ushahidi wao. Siku ile ilikuwa ushahidi wa Wasasa.

Mpaka hapa Wasasa watakuwa wanapiga makofi. Wangoje kidogo.

Ni kweli kwamba sura za sasa zina sababu zake. Ya kwanza ni upepo. Motokaa ikienda kasi, sehemu kubwa ya nguvu ya injini hutumika kusukuma hewa, na mwaka 1982 Audi walipotoa motokaa yao ya 100 yenye kipimo cha 0.30, kila kiwanda kilianza kulainisha pembe. Maumbile ya hewa ni yale yale Tokyo na Detroit, kwa hiyo majibu nayo yakaribiana. Sababu ya pili ni mtu aendaye kwa miguu. Sheria za Ulaya zilizoanza kutumika tangu mwaka 2005 zataka mtu akigongwa, kichwa chake kiangukie boneti inayobonyea, kisikutane na injini iliyo ngumu chini yake. Basi pawepo nafasi kati ya boneti na injini, na pua za motokaa zikapanda juu. Wakale huziita pua hizo za nguruwe. Mimi nilipojua maana yake sikuweza tena kuzicheka.

Lakini iko sehemu nyingine ya sura ya sasa ambayo haina sababu hata moja, nayo ndiyo inayonichukiza. Tazameni matundu ya hewa ya uongo. Kwenye bampa kuna shimo jeusi kubwa, unasogea ukitia kidole, kumbe ni plastiki iliyozibwa. Tazameni mabomba ya moshi ya uongo: mawili makubwa yanayong'aa nyuma, na bomba lenyewe limejificha chini likitazama ardhi. Katika Defender ya zamani watu waliweka mabamba ya alumini yenye vinundu juu ya madigadi ili wapate kusimama bila kuteleza. Katika ile mpya yapo mabamba ya sura hiyo juu ya boneti, ila ni ya plastiki, ya pambo. Mtu hapaswi kuyakanyaga, yapo ili yakumbushe kukanyaga. Na hizo pua za BMW? Tangu mwaka 1933 BMW ilikuwa na matundu mawili mbele kama mafigo, ya kupitishia hewa. Mwaka 2020 waliyarefusha katika motokaa moja mpaka yakafika chini kwenye bampa, wakati ambapo motokaa za umeme hazihitaji hewa kiasi hicho hata kidogo. Nasikia zimenunuliwa sana. Mwenye fedha na anunue. Mimi naona ni sawa na mtu aliyepona macho akaenda kununua miwani mikubwa zaidi.

Sasa niseme juu ya meno yangu. Wanaonijua wanajua kwamba mawili ya mbele si yangu. Wengine hudhani nilipigana.

Mwaka juzi, nilipokuwa Kidato cha Nne, tulikuwa tukirudi na Land Rover yetu kutoka kwenye mpira. Tulikuwa tisa nyuma, tumekaa juu ya mabenchi mawili yaliyotazamana, ambayo tuliyatengeneza sisi wenyewe katika karakana ya useremala, nami nilipiga randa moja. Mvua ilinyesha, na murram ya kile kilima ikawa sabuni. Mzee dereva alikwenda polepole, hakuwa na kosa. Gari liliteleza tu pembeni, likaingia mtaroni, likasimama. Halikupinduka. Ukilitazama kwa nje hungeona alama, ila mkwaruzo mmoja katika digadi, na siku ya pili lilikuwa barabarani tena. Wakale hulisimulia jambo hilo kama sifa: "Alumini nene! Gari la chuma! Halikubonyea!" Ndiyo, halikubonyea. Tuliobonyea ni sisi. Mimi niliruka kutoka benchi langu nikaangukia benchi la pili kwa mdomo, na rafiki yangu alivunjika mtulinga. Mabenchi yetu hayakuwa na mikanda. Hakuna aliyefikiria mikanda tulipokuwa tukiyapiga msasa yapendeze.

Nilipokuwa nimelazwa nilikuwa na siku tatu za kufikiri bila kula. Nilijifunza baadaye kwamba gari linalobonyea vizuri humwokoa aliyemo, kwa kuwa lile pigo linamalizika katika bati kabla ya kumfikia. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes alilifikiri jambo hilo mapema, na motokaa ya kwanza kuundwa hivyo, yenye mbele na nyuma za kubonyea na chumba kigumu katikati, ilitoka mwaka 1959. Na sasa mcheke nami: motokaa hiyo ndiyo ile Mercedes yenye mapezi! Ile ile iliyobandikwa katika sanduku la rafiki yangu wa kitanda cha juu. Yeye ameipenda miaka minne kwa ajili ya mapezi, wala hakujua habari ya chuma kilicho chini yake. Mwaka huo huo wa 1959 Volvo walianza kutia katika motokaa zao mkanda wa kufunga bega na kiuno pamoja, aliouvumbua Nils Bohlin, na kampuni ikaviachia viwanda vingine viutumie. Nimetafuta picha ya mkanda huo ya kubandika. Hakuna aliyeitengeneza. Haupendezi.

Basi mtu ataniuliza, je, umekuwa Msasa? Bado kidogo. Maana nina mjomba.

Mjomba wangu ni fundi wa bodi Jinja. Alinilea likizo nyingi, na spana nilizishika kwake kabla ya kushika kalamu. Zamani uani kwake palikuwa na motokaa sita au saba kila siku. Mlango ukibonyea anaugonga kwa nyundo na gogo, anajaza, anapiga msasa, anapaka. Taa ikivunjika anatuma kijana akanunue kioo cha duara cha inchi 7, maana kioo hicho hicho kiliingia katika Land Rover, na katika Mini, na katika malori mengi. Likizo iliyopita mtu alileta motokaa ya miaka ya karibuni, imegongwa kidogo tu pembeni. Taa yake ni kitu kimoja kikubwa kilichochongoka mpaka karibu na kioo cha mbele, kimegundishwa, hakifunguliwi. Ufa mdogo kama unywele, maji yameingia, taa nzima haifai. Mjomba aliizunguka mara mbili, akafuta mikono.

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tuitanavyo, "hii haitaki fundi. Inataka duka."

Bei ya dukani ilimfanya mwenye motokaa akae kimya muda mrefu, kisha akaondoka nayo, na mpaka leo anaendesha na jicho moja. Mjomba alikuwa na vijana wanne, sasa ana mmoja. Wengine watatu wanaendesha bodaboda.

Hapo ndipo naona Wakale wana jambo la kweli, ila wanalisema vibaya. Wanasema "sura". Lakini wanachokililia ni gari ambalo mtu aweza kulielewa kwa kulitazama: bawaba ile pale, bolti ile pale, ukifungua hii inatoka ile. Hata asiyesoma aweza kulijua. Sura ya sasa hufunika kila kitu. Unafungua boneti unakuta kifuniko kingine cheusi, chenye jina la kampuni, kana kwamba injini ni siri ya familia.

Na sisi Uganda tuna shida yetu nyingine katika ubishi huu. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini motokaa yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na nyingi tuzionazo barabarani zimetumika Japani kwanza. Kwa hiyo Wasasa wa bweni letu wanaposifu "mpya" iliyopita barabarani jana, mara nyingi wanasifu sura ambayo Mjapani aliiacha zamani. Upya wetu hufika na kilometa zake. Na atakayechora mbele ya motokaa hizo hatufikirii sisi, wala kilima chetu, wala kivuko, wala Mjomba na nyundo yake. Hana sababu ya kutufikiria, hatununui kwake.

Ndiyo maana nasikia uvivu kidogo tukikesha juu ya mapezi na mapua ya wengine. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere waliunda motokaa ya umeme ya viti viwili, Kiira EV. Mwaka 2014 ikafuata nyingine ya watu watano, na mwaka 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola lililosaidiwa na nguvu ya jua. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo imejenga kiwanda Jinja, mwendo mfupi kutoka uani kwa Mjomba. Mtu ataketi huko na karatasi, achore taa. Ataamua ifunguliwe kwa skrubu nne au igundishwe. Ataamua bampa liwe na matundu ya kweli au ya uongo. Mtu huyo aweza kuwa yuko Kidato cha Pili sasa hivi, akibandika picha katika sanduku lake.

Nimeomba kusomea uhandisi. Kama nitapata, nitajua mwakani. Alama zangu za hesabu si za kujivunia, naomba kaka zangu walioko Chuo Kikuu wasiniulize.

Sasa narudi kwa wakubwa zetu wawili na Land Rover yao. Kwa yule wa kwanza nasema, tafadhali isiuzwe kwa vyuma. Kwa yule wa pili nasema, kwa heshima yote, isipandishwe juu ya saruji. Juu ya saruji watoto wataona rangi tu, nao watasema ni nzuri, na hakuna atakayeuliza kwa nini mabati yake ni bapa. Tena isibebe tena wanafunzi. Jambo hilo nalisema bila kumung'unya, na kwa meno ninayo haki.

Naomba isukumwe mpaka karakana, na iwe ya kufunguliwa. Mwalimu wa fizikia amekubali kutoa Jumamosi mbili kila mwezi. Mjomba amesema atakuja bila malipo akipewa nauli na chakula cha mchana, nasi tumemwonya juu ya chakula. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aondoe mlango mmoja, aurudishe. Afungue gia, aone meno yake. Mabenchi yale ya nyuma tuyang'oe kwanza, nami naomba niwe wa kwanza kushika bisibisi.

Wakubwa zetu watakutana shuleni mwezi wa Desemba, na jambo hili limo katika orodha ya mazungumzo yao. Mzee dereva ananiambia injini bado ni nzima na matairi mawili yana pumzi, ila betri imekufa kabisa. Kama yuko mkubwa wetu mwenye betri ya volti 12 asiyoitumia, aje nayo siku hiyo. Kuku tutawahamisha wenyewe.

Mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita